Kiua kwa Kiswahili, nyota kwa Kiarabu

Katika mji wa Ibra, makao makuu ya Mkoa wa Sharqiyah Kaskazini nchini Oman, kuna soko ambalo wanaume hawaingii. Hufanyika Jumatano asubuhi. Wauzaji ni wanawake na wanunuzi ni wanawake, na bidhaa zake ni zile ambazo mwanamke huijua thamani yake bila ya kuelezwa: vitambaa, udi, ubani, wanja, hina, manukato na nguo za watoto. Akina mama huja kutoka mitaa ya mji na kutoka vijiji vya ukingoni mwa mchanga mkubwa wa Sharqiyah, na jua linapofika utosini biashara imekwisha na vitu vimekunjwa.

Katika vitambaa na pindo zinazouzwa mahali kama hapo kuna kazi mbili za mkono ambazo ni ndogo kwa umbo na kubwa kwa subira. Ya kwanza ni kofia, ambayo Waomani huiita kumma. Ya pili ni utepe mwembamba wa nyuzi, wenye mng'aro wa fedha katikati, unaosukwa juu ya mto na kushonewa shingoni mwa nguo, kwenye mikono, au kwenye miguu ya suruali ya kike. Huo huitwa talli. Mazungumzo haya yanahusu kazi hizo mbili, pamoja na ya tatu iliyo mbali kwa maili na karibu kwa ujamaa, nayo ni lesi ya Ulaya, ile isukwayo kwa vijiti juu ya mto.

Kumma kwanza. Kwa mbali ni kofia nyeupe yenye mapambo. Kwa karibu ni vitambaa viwili vya pamba vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, vikatobolewa matundu madogo kwa mamia, na kila tundu likazungushiwa uzi pande zote hadi ukingo wake ukawa mgumu kama pete. Baina ya matundu hupitishwa nyuzi nene kati ya kitambaa cha juu na cha chini, zikatoa matuta yanayoonekana kwa kivuli tu. Juu ni duara moja, pembeni ni ukanda mmoja, na pale viwili hivyo vinapokutana ndipo mshonaji hodari hutambulikana na mshonaji wa haraka, kwa sababu mapambo ya duara yanatakiwa yashuke kwenye ukanda bila ya kuvunjika.

Kwa Kiarabu cha Oman, pambo la matundu hayo huitwa najm, yaani nyota. Katika Unguja na pwani yote ya Waswahili tundu hilo hilo huitwa kiua, ua dogo, na kofia yenyewe ni kofia ya viua. Sindano ni ileile na uzi ni uleule. Pengine ni kupita kiasi kudai kwamba watu waliozoea kulala juu ya paa katika bara kavu waliona mbingu, na watu wa kisiwa cha karafuu na asumini waliona bustani. Lakini majina hayo mawili yapo, na yote mawili yameshikamana na maumbile. Hakuna aliyeliita pambo hilo tundu, ijapokuwa ni tundu tupu.

Kofia hizi zilivuka bahari pamoja na watu. Waomani wengi, na kumma wanayoivaa kila siku, huihesabu kuwa ni zawadi ya Afrika Mashariki. Koo za Sharqiyah, kutoka Ibra na vijiji vya jirani kama Mudhayrib na Qabil, zilikuwa na ndugu na mashamba ng'ambo ya bahari tangu karne ya 19, pale Sayyid Said bin Sultan alipoufanya mji wa Zanzibar kuwa makao yake. Katika mtaa wa kale wa Ibra uitwao Manzafah bado kuna magofu ya nyumba za ghorofa za wafanyabiashara wa zama hizo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970 na kuwaita Waomani warejee, familia nyingi zilirudi. Zilirudi na Kiswahili, na wali wa nazi, na mandazi, na kofia ambazo bibi mmoja alikuwa ameanza kuzishona Unguja na kuzimaliza Sharqiyah.

Kushona mapambo halikuwa jambo geni huko walikotoka. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, amewaeleza wanawake wa majumba ya Unguja wakidarizi nguo zao na za jamaa zao kwa hariri na nyuzi za dhahabu. Kanzu ya mwungwana, kilemba chake na mikono ya joho lake vilikuwa na kazi ya sindano, na katika Kiswahili cha pwani kila namna ya kazi hiyo ilikuwa na jina lake: darizi, taraza, almaria. Leo vijana wengi hulijua neno moja tu, nalo ni urembo.

Talli ni habari nyingine. Hapa hakuna kitambaa wala sindano. Kuna mto mnene wa mviringo, uliowekwa juu ya kitako cha chuma kilichotanuka chini kama faneli iliyopinduliwa. Kifaa hicho huitwa kajuja. Mwanamke huketi chini, kajuja ikawa mbele yake, miguu yake huku na huku. Nyuzi hupigiliwa kwa pini juu ya mto na ncha zake huning'inia zikiwa zimeviringwa, ili zisichanganyike na ili uzito wake uzivute. Idadi ya nyuzi ni ya jozi. Katikati yake hupita kipande chembamba cha madini, cha fedha au cha rangi ya fedha. Mkono wa kulia hutupa, mkono wa kushoto hupokea, kidole kinakaza, na utepe unashuka taratibu kutoka kwenye pini.

Mwanamke wa Unguja au Pemba aliyelelewa katika kusuka ukili hahitaji mwalimu ili afahamu jambo hili. Ukili ni ule utepe wa miyaa au ukindu unaosukwa mrefu, ukazungushwa na kushonwa ukawa mkeka. Talli ni ukili wa nyuzi. Huko Oman vilevile majani ya mtende husukwa vikapu, makawa na mikeka, na kile kipande cha fedha kipitacho katikati ya talli huitwa khus, jina ambalo ndilo la jani la mtende. Kwa hiyo mwenye kuvaa suruali yenye talli miguuni amevaa, kwa lugha ya mafundi wenyewe, majani ya mtende yaliyogeuka fedha.

Ufundi huu umeenea pande zote mbili za mpaka wa Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Mwaka 2022 shirika la UNESCO liliandikisha talli kama urithi usioshikika wa Falme za Kiarabu, na katika kikao hichohicho likaandikisha ufundi wa khanjar, jambia la Oman. Huko Imarati kuna namna ya talli iitwayo sayir yay, yaani aendaye na ajaye, kwa sababu uzi hukata kwenda upande mmoja kisha hurejea. Ni jina la mwendo, na limemtosha fundi.

Sasa ivuke bahari nyingine. Katika Ulaya ya karne ya 16, huko Italia na Flanders, watu walianza kusuka lesi kwa vijiti. Kitabu cha michoro kiitwacho Le Pompe kilichapishwa Venice mwaka 1557, na kingine kilitolewa Zurich mwaka 1561. Vifaa vilikuwa vichache: mto uliojazwa majani makavu ukakazwa sana, pini, kipande cha karatasi nene au ngozi kilichotobolewa kwa mujibu wa mchoro, na vijiti vya mti au mfupa, kila kimoja kimezungushiwa uzi wake. Vijiti hushikwa viwili viwili. Na kazi nzima, iwe ni ukingo wa leso au shela ya bibi harusi, imejengwa kwa miondoko miwili peke yake: kupishanisha na kusokota. Uzi wa ndani wa jozi moja unapita juu ya uzi wa ndani wa jozi ya jirani. Huko ni kupishanisha. Kisha katika kila jozi uzi wa kulia unapita juu ya wa kushoto. Huko ni kusokota. Pini huchomwa mahali nyuzi zilipokutana, ili zisiteleze. Kazi ikishakamilika pini huchomolewa, na kinachobaki hakishikiliwi na kitu ila nyuzi zenyewe.

Ukiiweka lesi hiyo kati ya kumma na talli, jamaa hao watatu wanaonekana wazi. Talli ina mto na nyuzi zinazoning'inia, lakini haina matundu; nyuzi zake zimesongamana. Kumma ina matundu, lakini imeyapata kwa kutoboa kitambaa kilichokuwepo. Lesi ya vijiti husuka kama talli na huacha wazi kama kumma, na hewa iliyomo ndani yake haikutobolewa na mtu: nyuzi ziliizunguka tu. Anayetaka kubuni lesi ya namna hiyo akiwa Ibra, Nizwa au Sur hana haja ya kuagiza maarifa yote kutoka ng'ambo. Nusu yake imo katika mikono ya bibi anayesuka talli, na nusu nyingine imo katika macho ya anayeshona viua.

Swali ni achore nini.

Mtende ndio wa kwanza kumjia yeyote akilini, na ndio wa kwanza kumtia taabuni. Kuti lina uti mmoja na majani mengi yaliyochongoka. Katika lesi ya vijiti kuna pambo liitwalo jani, na hutengenezwa kwa nyuzi nne. Tatu hulala sambamba, na ya nne hupita juu na chini yake, kwenda na kurudi, kama mshindio upitao katika mtande. Mwanzo mfumaji hukaza, katikati hulegeza kidogo ili jani linenepe, na mwishoni hukaza tena likachongoka. Ni pambo dogo kuliko punje ya tende na linawaliza watu wazima. Uzi ule wa nne ukiachiwa kabla jani halijafungwa, uzito wa kijiti chake huuvuta na jani lote hujikunja likawa fundo. Mafundi hukilaza kijiti hicho kando, peke yake, wala hawakigusi mpaka jozi ya jirani imeshafunga mlango.

Taabu ya pili ni ya hesabu. Uzi haukatwi ovyo. Jozi mbili zilizotoka kwenye uti kwenda kufanya jani haziwezi kuishia hewani kwenye ncha. Lazima zirudi utini kwa njia fulani, zikiwa jani la pili au zikiwa msuko mwembamba wa kurejea. Zinazoingia kwenye kona moja ya mchoro ndizo zitakazotoka kwenye kona nyingine. Mwenye kuufahamu vyema mfano wa jambo hili ni mtu wa Dakhiliyah. Huko Nizwa, Falaj Daris, mfereji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006 pamoja na mifereji mingine minne ya Oman, hugawa maji kwa mashamba kwa zamu za muda. Kipimo chake, athar, ni kadiri ya nusu saa. Maji hayapotei katikati ya njia. Yakifungwa kwa huyu yamefunguliwa kwa yule, na mgawaji anajua kila tone limekwenda shamba gani. Mbunifu wa lesi hufanya kazi ya mgawaji wa falaj. Huketi na karatasi ya miraba kabla ya kugusa uzi, huuchora mtende wake, kisha hufuatia kila jozi kwa kidole kutoka juu hadi chini. Akikuta jozi isiyo na pa kwenda, mtende umeshindwa, hata uwe mzuri vipi kwenye karatasi.

Ndiyo maana maumbile hayaingii katika lesi kama yaingiavyo katika picha. Lazima yakubali masharti. Waridi wa Jabal Akhdar, ambalo huchanua tangu mwishoni mwa Machi hadi Mei katika matuta ya mlima juu ya Nizwa, lina petali zilizopandana, na lesi haina kupandana, ila kupita kando kwa kando. Basi petali moja husukwa mnene na jirani yake husukwa wazi, na jicho ndilo linaloweka moja mbele ya nyingine. Matuta ya mchanga wa Sharqiyah ni mepesi zaidi, kwani ni mistari inayopinda pamoja, na jozi za nyuzi hupenda kupinda pamoja. Gamba la kasa wa Ras al-Jinz, mashariki ya Sur, ambako kasa wa kijani hupanda pwani kutaga mayai usiku, limegawanyika vipande vyenye pembe. Na wavu wa pembe sita ni mojawapo wa misingi ya lesi ya Ulaya. Mawimbi ya Sur nayo yamekwisha patikana, kwa jina jingine, katika ile pindo ya mfano wa kipepeo au chaza ambayo mwanafunzi wa lesi hufundishwa mapema.

Na kuna buibui. Wafumaji wa Ulaya humwita hivyo mnyama mdogo wa nyuzi asukwaye hivi: jozi tatu kutoka kulia na tatu kutoka kushoto husokotwa ziwe miguu, hukutana katikati zikapishana, pini huchomwa, hupishana tena, kisha hutawanyika zikiwa zimesokotwa. Mswahili akisikia buibui hukumbuka pia vazi jeusi la mama zake. Hapana uhusiano baina ya mambo hayo mawili, lakini ni vigumu kutotabasamu.

Waislamu wa pande hizi hawakuwa na desturi ya kuweka wanyama na sura kwenye mavazi. Walipendelea nyota, duara, msalaba wa mistari, na jani lililokwisha kugeuzwa kuwa mstari. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa ni upungufu. Hukumu hiyo si ya haki. Mshonaji wa kumma hakuacha kutazama ua. Alilitazama mpaka likabaki tundu na duru yake, yaani kitu kidogo kabisa ambacho bado ni ua. Wafumaji wa Honiton, huko Devon nchini Uingereza, walikwenda njia nyingine. Walisuka waridi na majani mbalimbali, kila moja peke yake, kisha wakayaunganisha. Malkia Victoria alivaa lesi yao siku ya harusi yake mwaka 1840. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini baadhi ya vipande vya baadaye vimejaa majani hata mtu hajui atazame wapi, na kofia moja nyeupe ya Sharqiyah, pembeni yake, hupumzisha macho.

Linalobishaniwa leo si uzuri, bali ni riali. Kumma iliyotiwa viua kwa mashine huuzwa kwa riali chache. Iliyoshonwa kwa mkono huchukua wiki nyingi, na iliyo bora huchukua miezi. Bei yake huhesabiwa kwa makumi ya riali. Mnunuzi mwenye haraka huziweka mbili hizo kiganjani, huona zote nyeupe, zote zina matundu, na huuliza kwa nini alipe zaidi. Jibu la mshonaji ni kuigeuza kofia ndani nje. Katika ile ya mashine, upande wa ndani una nyuzi zinazoruka kutoka tundu hadi tundu. Katika ile ya mkono, ndani kunakaribia kuwa kama nje. Baada ya kufuliwa na kutiwa kanji mara kadha wa kadha, tofauti hiyo hujitokeza yenyewe: tundu la mkono hubaki duara, na la mashine huanza kupiga miayo.

Mashine hazikuanza juzi. Mwaka 1808 na 1809 Mwingereza John Heathcoat alipata hataza za mashine ya kusuka wavu wa lesi, akiwa ameigiza mwendo wa vijiti. Mwaka 1816 wafanyakazi wenye hasira waliivamia karakana yake huko Loughborough na kuzivunja mashine zake, naye akahamia Tiverton, katika Devon ileile ya wafumaji wa Honiton. Wavu wa mashine ukaenea, na wafumaji wa mkono wakapunguziwa kazi: kilichokuwa kitambaa kizima kikawa ua moja la kushonewa juu ya wavu wa kiwanda. Hizo lesi za mita kwa mita zinazouzwa leo Ibra, Mombasa na Darajani ni wajukuu wa mashine kama hizo. Si vibaya. Zimewavisha bibi harusi wengi ambao bila ya hivyo wasingevaa lesi kabisa. Ila zimemfundisha mnunuzi kwamba lesi ni kitu cha kukatwa kwa mkasi.

Mahali pengine ufundi umepata pa kujificha. Katika mji wa Idrija, nchini Slovenia, skuli ya lesi ilifunguliwa mwaka 1876 na mpaka leo watoto hujifunza humo. Lesi ya vijiti ya Slovenia iliandikishwa UNESCO mwaka 2018. Oman nayo iliunda mwaka 2003 mamlaka ya umma ya kazi za mikono, na mwaka 2020 shughuli zake zikaunganishwa katika mamlaka inayoshughulikia biashara ndogo na za kati. Hatua ya pili inaweza kusomwa kwa namna mbili. Fundi akihesabiwa kuwa mfanyabiashara, huenda akapata mkopo na soko. Lakini biashara huuliza ni kofia ngapi kwa mwezi, na kumma nzuri haina jibu la kupendeza kwa swali hilo.

Kwa wasukaji wa talli, hasara nyingine imeingia kimyakimya kupitia ule ukanda wa katikati. Fedha halisi ni ghali, na mahali pake pamechukuliwa na nyuzi za kung'aa za kiwandani. Mikono haikubadilika, bali kilichobadilika ni uzito. Fedha hukunjika na kubaki ilipokunjwa, lakini ukanda wa kisasa hutaka kurudi ulikotoka, na msukaji hukaza zaidi kuliko alivyofunzwa na mama yake.

Na kuna suala la maneno, ambalo kwa wenye Kiswahili ni zito kuliko la fedha. Katika nyumba nyingi za Ibra, Sur na Nizwa, bibi husema Kiswahili, mama huchanganya, na mjukuu hujibu kwa Kiarabu. Bibi akisema, "Mwanangu, kiua hiki umekiacha mdomo wazi," mjukuu huelewa kwa kuangalia kidole chake na si kwa neno. Huenda akawa mshonaji hodari kumshinda bibi. Lakini tundu analolishona litakuwa nyota peke yake, na lile ua litakuwa limekwenda pamoja na aliyeliita hivyo. Kinyume chake kinatokea Unguja, ambako jina limebaki kamili na kofia nyingi za madukani zimetoka viwandani.

Wapo wasichana wa Sharqiyah na Dakhiliyah waliosomea ubunifu vyuoni, na kwao karatasi ya miraba si kitu kigeni. Wengine huchora kwenye kompyuta. Wanachokosa ni mto na mtu wa kukaa kando yao. Kusuka hakufundishiki vizuri kwa picha, kwa sababu picha huonyesha uzi ulipo na haionyeshi umevutwa kiasi gani. Ndiyo sababu siku ya kwanza mwanafunzi hapewi mtende wala waridi. Hupewa nyuzi nne na pini moja, asuke msuko wa kawaida kadiri ya shibiri moja, na bibi huupitisha baina ya vidole viwili macho yakiwa kwingine.

"Bibi, ni sawa?"

"Hapa mwanzo ulikuwa na hofu. Hapa katikati ulikuwa ukizungumza. Fumua mpaka hapa."

Na mjukuu hufumua. Adhana ya adhuhuri ikisikika, mto hufunikwa kitambaa ili vumbi lisiingie katika nyuzi nyeupe, na kile kijiti kimoja, chenye uzi wa nne wa jani lililofika nusu, huachwa kimelazwa kando peke yake, mahali ambapo mtoto anayepita hataweza kukigusa.